Kushuka ndiyo ngoma: ndege za kivita zilizobaki kwenye makaratasi

Mchoro wenyewe ni wa Septemba 1944, umetoka kampuni ya Focke-Wulf ya Ujerumani, na ukiuona mara moja huusahau. Ndege imesimama wima kwa mkia, pua inatazama mbinguni. Mabawa ya kawaida haina. Kiwiliwili chake kimevishwa pete, na kwenye pete hiyo yamechomekwa mabawa matatu marefu yanayozunguka kwa pamoja, kila moja likiwa na injini nchani. Jina lake Triebflügel. Kwa hesabu za waliobuni, ingepaa kutoka kwenye uwazi wowote msituni bila kuhitaji uwanja, ikalala angani, ikafukuza ndege za mabomu kwa kasi ya kama kilomita 1,000 kwa saa, kisha ikarudi kusimama kwa mkia palepale ilipoondokea.

Haikujengwa. Wala hazikujengwa Wespe na Lerche, ndege mbili za kampuni ya Heinkel, nazo za kusimama kwa mkia, zilizochorwa Vienna mwanzoni mwa 1945, wiki chache kabla ya Jeshi Jekundu kuuteka mji huo mwezi wa Aprili.

Michoro hii ina mashabiki wengi duniani, na wimbo wao ni mmoja: vita viliisha mapema mno. Wangepewa mwaka mwingine mmoja, husema, historia ya anga ingekuwa nyingine. Mimi naona kinyume chake. Sifa za ndege hizi zimedumu kwa sababu hazikujengwa. Karatasi haibishi, ukiandika kilomita 1,000 kwa saa, inakubali. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na msemo huo ungebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya uchoraji ya Focke-Wulf, pengine wino mwingi ungeokolewa.

Nia yao haikuwa ya kijinga, tukubaliane hapo. Mwaka 1944 ndege za mabomu za Marekani zilikuwa zikipita mchana na za Uingereza usiku. Uwanja wa ndege hauna pa kujificha: njia ndefu ya kurukia inaonekana kutoka mbali juu, na ikitobolewa mashimo ya kutosha, ndege nzima nzima hugeuka mapambo mpaka mafundi waje kufukia. Ukipata ndege inayopaa wima, unaiweka nyuma ya kiwanda unachokilinda, na adui hajui aipige wapi. Wala wazo halikuzaliwa na vita hivyo. Januari 1928, Nikola Tesla, akiwa mzee wa miaka 71, alipewa hataza Marekani ya chombo cha kupaa wima kisha kulala na kuruka kwa mabawa. Kuna kitu kidogo katika hataza ile ninachokipenda: viti vya abiria vilining'inizwa kwenye egemeo, vigeuke kama nyuzi 90 wakati chombo kinapolala, ili mtu abaki ameketi sawasawa. Tesla alianza kwa kuuliza binadamu atakaa vipi. Wenzake wa 1944 waliliuliza swali hilo mwishoni, na majibu yao tutayaona.

Kwanza hesabu, maana hapo ndipo ndoto inapoanza kuvuja.

Ndege ya kawaida haibebwi na injini yake. Inabebwa na mabawa. Injini huisukuma mbele tu, na msukumo ulio pungufu sana kuliko uzito wa ndege unatosha kuipeleka angani, mradi kuna njia ndefu ya kukusanyia mwendo. Ondoa njia hiyo, na injini italazimika kubeba kila kilo yenyewe. Chukua Messerschmitt Bf 109 ya aina ya G, ndege ya kivita iliyotengenezwa kwa wingi wakati huo. Ina uzito wa zaidi ya tani 3, injini ya nguvu za farasi kama 1,475, na pangaboi la kipenyo cha mita 3. Ukipiga hesabu ya msukumo wa pangaboi hilo ndege ikiwa imesimama, na ukaipa hisani zote, yaani hakuna hata chembe ya nguvu inayopotea, unapata msukumo wa kuinua kama tani 2.8. Hiyo ni dari ya kinadharia. Halisi iko chini zaidi. Ndege nzuri kabisa ya zama zake, na haiwezi kuning'inia kwa pangaboi lake.

Heinkel walilijua hilo, ndiyo maana Lerche ikapewa injini mbili za Daimler-Benz DB 605 za toleo la D, kila moja ikikamuliwa mpaka nguvu za farasi kama 2,000. Ziliwekwa ndani ya kiwiliwili, zikizungusha mapangaboi mawili kinyume kwa kinyume ili yasiisokote ndege. Mapangaboi hayo yalizungukwa na bawa la duara lenye kipenyo cha mita 4. Uzito wa kupaa: kilo 5,600. Nikizitia namba hizi kwenye hesabu ileile ya hisani, dari inakuwa kama tani 6.5. Kwa hiyo ingepaa? Kwa karatasi, ndiyo. Mapangaboi ya kweli yangekula sehemu kubwa ya ziada hiyo, na bawa la duara likichongwa vizuri lingerudisha kiasi. Tuseme ingenyanyuka, tena kwa shida.

Sasa zima injini moja, ndege ikiwa mita 30 kutoka ardhini. Dari inashuka hadi kama tani 4.1. Lipe duara sifa zake zote za vitabuni, utafika tani 5.2. Ndege bado ni tani 5.6. Inaanguka, na iko chini mno kwa rubani kuwahi kufungua parachuti. Bf 109 injini ikizima angani, rubani huteleza kwa mabawa akatafuta shamba. Wengi waliokolewa hivyo. Lerche ikiwa wima haina cha kutelezea. Ni kweli kwamba wakati wa kurudi mafuta na risasi vimepungua na mzigo umekuwa mwepesi, lakini kila safari ina kupaa kwake, na injini za mwisho wa vita, zilizokamuliwa kupita kiasi na kulishwa mafuta ya kubahatisha, hazikuwa za kuapiwa.

Triebflügel ilikwepa tatizo hili kwa ujanja ambao lazima niusifu. Injini zake tatu zilikuwa ramjeti, yaani mabomba yasiyo na feni ndani; hewa hukandamizwa na mwendo wenyewe wa bomba. Zikiwa kwenye ncha za mabawa, zingeyazungusha bila kukisokota kiwiliwili, na hivyo gia nzito na mashafti havikuhitajika. Otto Pabst wa Focke-Wulf alikuwa amezifanyia kazi ramjeti hizo kwa dhati, hazikuwa hadithi. Ubaya ni kwamba ramjeti iliyosimama haifanyi kitu. Ilibidi roketi ndogo ziyazungushe mabawa kwanza, mpaka ncha zifikie kama kilomita 300 kwa saa, ndipo ramjeti ziwake.

Halafu kuna jambo ambalo picha za kupendeza hazilionyeshi. Mabawa yale yalikuwa na kipenyo cha mita 11.5, na uzito wa injini umewekwa nchani kabisa. Hiyo ni sawa na pia ya kuchezea watoto, ila kubwa mno. Pia inayozunguka ukiisukuma kichwa kwenda mbele, huinamia ubavuni. Na kazi yote ya ndege hii ni kuinama nyuzi 90 baada ya kupaa, kisha kuinuka tena nyuzi 90 kabla ya kutua, ikiongozwa na mapezi madogo ya mkiani. Naamini tatizo hilo lingeweza kupatiwa ufumbuzi. Siamini kwamba lingepatiwa ufumbuzi ndani ya majira ya baridi moja, chini ya mabomu, kwa mkono na mguu wa rubani peke yake.

Huyo rubani ndiye tunayepaswa kumtazama. Katika Triebflügel amekaa kwenye kiti cha kawaida; ndege ikisimama kwa mkia, yeye amelala chali, macho angani, ardhi iko mgongoni. Katika Lerche alilazwa kifudifudi. Ndege ikisimama, amesimama naye, anatazama mbele kama mtu dirishani, na ili aone anapotua inabidi atazame chini kupita miguu yake mwenyewe, mahali palipo na injini mbili na duara la chuma. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine kwenye mafuta. Anashuka kinyumenyume kuelekea kitu asichokiona, kwa kasi asiyoweza kuipima, na amerudi kutoka vitani, huenda amejeruhiwa, huenda ni usiku.

Zaidi ya hapo, anashukia upepo wake mwenyewe. Marubani wa helikopta wanafundishwa kuliogopa jambo hili: ukishuka wima kwa haraka, pangaboi linaingia kwenye hewa lililokwisha kuivuruga, msukumo unapotea ghafla, na kuongeza mafuta hakusaidii, pengine kunazidisha. Mapezi ya mkiani nayo hutegemea upepo huohuo yaweze kuielekeza ndege. Hewa ikivurugika, msukumo na uongozi vinaondoka pamoja.

Kulikuwa na Mjerumani mmoja aliyeuona ugumu huu akaamua kuuruka kabisa. Erich Bachem alibuni Natter, ndege ndogo ya mbao yenye injini ya roketi, inayorushwa wima kutoka kwenye mnara. Hiyo ilijengwa. Na kutua? Bachem alikufuta. Rubani angeruka kwa parachuti yake, na sehemu ya nyuma yenye injini ingeshuka kwa parachuti nyingine, kilichobaki kingetupwa. Tarehe 1 Machi 1945, huko Heuberg kusini mwa Ujerumani, Lothar Sieber alirushwa na chombo hicho. Kifuniko cha chumba cha rubani kiling'oka, ndege ikapotelea mawinguni, na chini ya dakika moja baadaye ikarudi ikaanguka ikiwa na Sieber ndani. Wakati Heinkel wanaendelea kuchora jinsi ya kutua kwa mkia, mtu pekee aliyefika hatua ya kumpakia rubani alikuwa ameshakata tamaa ya kutua kwa namna yoyote.

Lakini hoja yangu kubwa si ya mwaka 1945. Mashabiki wakidai muda, jibu ni kwamba muda ulitolewa, na waliopewa walikuwa matajiri zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Jeshi la Maji la Marekani lilitaka ndege za kivita zinazoweza kupaa kutoka kwenye sitaha ya meli yoyote. Likaagiza mbili, zote za kusimama kwa mkia: XFV ya Lockheed na XFY ya Convair, iliyopachikwa jina la Pogo. Nguvu haikuwa haba: injini moja ya tabaini ya kuzungusha mapangaboi ilitoa nguvu za farasi zaidi ya 5,000. Hakuna aliyekuwa akiwapiga mabomu. Walikuwa na chuma, mafuta, fedha, na marubani wa majaribio wenye uzoefu wa miaka. XFV iliwekewa magurudumu ya muda ipae kama ndege nyingine, maana injini yenye nguvu zaidi iliyosubiriwa haikufika. Haikuwahi kupaa wala kutua wima hata mara moja.

Pogo ilifika mbali zaidi. James Coleman aliizoea kwanza ikiwa imefungwa kamba ndani ya banda refu lililojengwa kwa ajili ya maputo ya kijeshi huko Moffett Field, California. Agosti 1954 aliinyanyua wima nje bila kamba, na tarehe 2 Novemba akaipaisha, akailaza, akaruka nayo, akaisimamisha tena na kuitua. Kila ninaposoma habari za Coleman namvulia kofia. Kiti chake kiliinamishwa mbele nyuzi 45 ndege ikiwa wima, na bado ilibidi ageuze shingo, atazame begani, akadirie kwa jicho umbali wa ardhi huku akishuka kinyumenyume. Hitimisho la majaribio halikuwa gumu kuliandika: kama rubani bora wa kampuni, mchana, hali ya hewa ikiwa shwari, juu ya saruji tulivu, anatoka jasho hivyo, nahodha wa meli asimtarajie kijana wa kikosi aifanye kazi hiyo kwenye sitaha inayoyumba. Mradi ukafungwa. Kufikia hapo ndege za jeti zilikuwa zimeshaiacha mbali kwa kasi.

Wafaransa nao walijaribu. Kampuni ya SNECMA ilijenga Coléoptère, yenye bawa la duara na kusimama kwa mkia, jamaa wa karibu kabisa wa Lerche ingawa injini yake ilikuwa ya jeti. Ilikuwa moja tu. Tarehe 25 Julai 1959, ikiwa katika jaribio la kuhama kutoka wima kwenda mlalo, ikamshinda rubani wake, Auguste Morel. Akajirusha kwa kiti cha dharura akaumia vibaya, ndege ikaungua.

Tazama sasa ndege za kivita zilizofanikiwa kweli kupaa au kutua wima zikaingia kazini: Harrier ya Uingereza mwaka 1969, Yak-38 ya Kisovieti, F-35B ya leo. Zote hutua kwa magurudumu ya tumboni, rubani akiwa ameketi kama mtu, akitazama mbele na chini. Kinachogeuka ni mwelekeo wa msukumo. Hakuna jeshi hata moja lililowahi kuingiza kazini ndege ya kivita yenye rubani inayosimama kwa mkia. Kwa jambo lililosemwa kuwa lilikosa mwaka mmoja tu, hilo ni kosa la miaka themanini.

Na mwaka huo mmoja wenyewe ungetoka wapi? Ujerumani ya mwishoni mwa 1944 haikuwa na upungufu wa miundo ya ndege. Ilikuwa na upungufu wa mafuta, na kwa sababu ya mafuta, wa marubani; wanafunzi walipelekwa vitani na saa chache mno za kuruka. Kwa vijana hao ndipo ikabuniwa ndege ambayo ingemtoa jasho Coleman. Jambo jingine ambalo mashabiki hulipita haraka ni mikono ambayo ingezijenga. Kiwanda cha Heinkel cha Schwechat, nje kidogo ya Vienna, kiliendeshwa pia kwa kazi ya kulazimishwa ya wafungwa wa kambi ya Mauthausen. Anayesikitika kwamba Lerche haikufika kiwandani akumbuke ni nani wangepiga ribiti zake.

Kati ya michoro yote ya zama hizo, mmoja naupa heshima, na ndio usiotajwa sana, labda kwa sababu haupendezi macho. Ni Fa 269 ya Focke-Achgelis, kampuni ya Henrich Focke, ambayo wizara ya anga iliielekeza kuanza kazi hiyo mwaka 1941. Focke hakuwa mwotaji. Helikopta yake, Fw 61, iliruka mwaka 1936, hivyo tayari alishajua kwa vitendo kuning'inia hewani kunagharimu nini. Katika Fa 269 rubani alibaki ameketi na ndege ikabaki mlalo. Injini moja ya BMW 801 iliwekwa kiwiliwilini, mashafti yakapeleka nguvu kwenye mabawa, na mapangaboi mawili makubwa yaliyo nyuma ya mabawa yangeinamishwa chini wakati wa kupaa kisha yarudishwe nyuma kuisukuma ndege. Miguu ya magurudumu ikawa mirefu kupita kiasi ili mapangaboi yasikwangue ardhi. Walitengeneza kielelezo cha ukubwa kamili, wakajaribu mifano midogo kwenye handaki la upepo, yaani bomba kubwa linalopulizwa hewa kupima miundo, mabomu yakaharibu sehemu kubwa ya kazi yao, na ilipofika 1944 makadirio yalikuwa kwamba ndege isingekuwa tayari kabla ya 1947. Mradi ukasimamishwa.

Hata 1947 ilikuwa matumaini. Shida ilikuwa kwenye gia na mashafti: nguvu nyingi zipite kwenye kona, zigeuke, zifike pande zote mbili sawasawa, na upande mmoja ukikatika ndege inapinduka. Marekani ilianza kurusha XV-3 mwaka 1955, ikafuata XV-15 mwaka 1977, kisha V-22 Osprey mwaka 1989, na Osprey haikuingia kazini rasmi kwa wanamaji mpaka 2007. Hiyo ndiyo bei halisi ya mchoro mzuri: zaidi ya miaka 60, mabilioni ya dola, na ajali zilizoua watu wengi njiani.

Upande wa kusimama kwa mkia nao umefufuka, lakini angalia kilichoondolewa kwanza. V-BAT ya Marekani ni droni yenye pangaboi ndani ya duara mkiani, hupaa na kutua wima, na ukiitazama unaiona Lerche ndani yake. Rubani hayumo. Jairoskopu ndogo, yaani vifaa vinavyohisi ndege ikiinama, na kompyuta huisahihisha mara nyingi kwa sekunde, na hazina shingo ya kugeuza. Kifaa kilichokosekana 1944 kilikuwa hicho, na hakuna kiwanda chochote duniani ambacho kingeweza kukitengeneza wakati ule, si cha Vienna wala cha California.

Mwaka 2018 tulipata kuliona jambo hili huku kwetu. Droni ya Kijerumani ya kampuni ya Wingcopter, katika mradi wa kampuni ya vifurushi ya DHL na GIZ, shirika la maendeleo la Ujerumani, ilikuwa ikipeleka dawa kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria. Ilivuka kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, wakati njia ya kuzunguka nchi kavu ni kama kilomita 240. Ilipaa wima na kutua wima bila uwanja, ikibeba kilo chache, na kwa muda wote huo tumbo lake lilielekea chini. Kilichoinama ni mapangaboi, kwa kanuni ileile ya Focke ya 1941.